Hatua za Askari Mwenye Figo Mpya

Kupandikiza figo si habari ya ng'ambo tena katika sehemu zetu hizi. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kazi hiyo mwaka 2017. Hospitali ya King Faisal ya Kigali na Hospitali ya Mulago hapa Kampala zikafuata mwaka 2023. Hapana shaka, basi, kwamba vikosi vyetu vya jeshi na polisi vitazidi kuwapokea watu waliotoka kambini wakiwa hoi, wakarudi wakiwa hai kwa figo ya ndugu wa tumbo moja. Swali linalowakabili makamanda ni hili: mtu huyu afanywe nini?

Kosa la kwanza ni kumkimbiza gwarideni kabla kidonda hakijapona. Kosa hilo huonekana upesi, na daktari hulizuia kwa cheti. Kosa la pili halionekani, nalo hufanywa kwa huruma. Askari hupewa kiti na daftari la zamu, akaambiwa apumzike. Miezi ikapita, miaka ikapita, naye angali amekaa.

Yafaa ieleweke kwamba kiti hicho ni adui. Dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo ngeni hunywewa kila siku maadamu figo hiyo inafanya kazi, nazo zina madhara yake. Prednisoloni huongeza hamu ya kula, hulegeza misuli na kudhoofisha mifupa. Takrolimasi huweza kupandisha shinikizo la damu na kuleta kisukari. Kwa sababu hiyo maradhi ya moyo na mishipa ya damu yamo miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi watu ambao figo zao mpya zilikuwa bado nzima. Ni msiba wa aina yake: ndugu ametoa kiungo cha mwili wake, madaktari wamefaulu, kisha mtu anakufa kwa moyo uliochoshwa na unene na shinikizo la damu.

Mwendo wa miguu ni sehemu ya tiba, na siku hizi upo msaada wa kuuhesabu. Mwaka 1965 Wajapani walitoa kifaa cha kufunga kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. (Idadi hiyo ilikuwa jina la kuvutia wanunuzi kuliko agizo la daktari, lakini imeganda vichwani mwa watu hata leo.) Sasa kazi hiyo hufanywa na kijidude kilichomo ndani ya simu au saa ya mkononi, kinachohisi kila mtikisiko wa mwili, na programu humwambia mtu jioni amekwenda hatua ngapi.

Je, chombo hicho kinatosha? Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2020, watu waliopandikizwa figo au ini walivalishwa vipima hatua. Wengine waliachiwa kifaa tu. Wengine waliwekewa shabaha iliyopanda kidogo kidogo, wakaletewa maswali ya afya kwa simu, na fedha kidogo ikategemea kufikia shabaha hiyo. Hao wa pili ndio waliofikia hatua 7,000 mara nyingi zaidi. Uzito wao, hata hivyo, haukutofautiana na wa wenzao, kwa hiyo asitokee mtu wa kuisifu saa kana kwamba ni dawa. Mtu huinuka anapojua kwamba yupo anayemfuatilia. Jambo hilo sajini yeyote wa mafunzo analijua bila kusomeshwa.

Tena saa haijui yaliyomo kifuani. Moyo uliopandikizwa umekatwa neva zake: huenda mbio mtu akiwa ameketi, huchelewa kupanda akianza kukimbia, na huchelewa kutulia akisimama. Askari wa namna hiyo akifuata hesabu ya mapigo atapotoka. Kipimo kilicho salama zaidi ni pumzi. Akiweza kusema lakini asiweze kuimba, mwendo wake ni wa kadiri. Nasi tuliozoea mchakamchaka wa nyimbo hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Iko hofu moja ya haki. Novemba 2017 kampuni ya Strava ilichapisha ramani ya njia za watu wanaofanya mazoezi duniani, na Januari 2018 ikagunduliwa kwamba ramani hiyo ilichora mipaka ya kambi za kijeshi huko Syria na Afghanistan, kwa nyayo za askari wenyewe. Kamanda akisoma habari hiyo huenda akakusanya saa zote kikosini. Tunamsihi asifanye hivyo. Kuhesabu hatua hakuhitaji setilaiti wala ramani. Mahali pa kuonyesha alipo mtu pafungwe kwa amri, na afisa wa mawasiliano akague. Mgonjwa abaki na hesabu yake.

Yaliyosalia yamo katika uwezo wa zahanati ya kambi. Masumbwi na raga asicheze, kwa kuwa figo mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na ngozi, pasipo mbavu za kuikinga. Chupa ya maji aruhusiwe kuibeba hata pale ambapo wenzake hawaruhusiwi. Nesi aandike hatua za kila juma katika faili, na zikipungua ghafla asianze kwa kumlaumu mtu kwa uvivu. Ampime na kumpeleka kliniki siku hiyo hiyo, kwa maana dawa zile zile zinazoilinda figo huweza kuificha homa mpaka maradhi yamekwisha kuingia ndani.