Jenereta ya mawimbi: usinunue megahezi

Niko Sori, hapa Karungu kando ya ziwa. Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi za watu (programu hazijiandiki zenyewe), lakini kuna jambo limenikaa rohoni na leo nalitoa. Ni kuhusu jenereta ya mawimbi. Kabla hujaondoka: sisemi ile ya petroli inayonguruma nyuma ya duka stima ikipotea. Nasema kile kisanduku cha mezani kinachotoa mawimbi ya umeme kwa masafa unayotaka wewe, ili uyaingize kwenye kifaa kibovu halafu uyafuate hatua kwa hatua mpaka uone yanapotelea wapi.

Kuna fundi kijana hapa sokoni ambaye mimi humsaidia mambo ya kompyuta, naye hunisaidia mambo ya solda. Chama chao kimemkubalia mkopo wa shilingi 28,000 anunue vifaa, alipe kwa miezi sita. Akanionyesha picha kwenye simu: jenereta yenye matundu mawili ya kutolea mawimbi, skrini ya rangi, na pembeni maandishi makubwa 60MHz. "Omera, hii ndiyo yenyewe," akasema. Kwake yeye 60 inaishinda 30, na 30 inaishinda 15, kama vile gigabaiti za kadi ya simu. Karibu kila mtu hununua hivyo, na wauzaji wanajua, ndiyo maana namba hiyo huandikwa kubwa kuliko jina la mashine. Mimi nasema namba hiyo ndiyo ya mwisho kuangaliwa.

Hebu tutazame kwanza vitu vinavyofika mezani kwake. Vingi ni amplifaya: za makanisa, za disko, na zile za matanga ambazo hupigwa usiku kucha mpaka transista zinasalimu amri. Halafu taa za wavuvi wa omena. Hizi huja kwa wingi mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu usiku wenye mbalamwezi taa haiwavuti omena na mitumbwi hupumzika. Halafu CDI za boda boda. Halafu redio.

Amplifaya ni sauti, na sauti anayoisikia binadamu ni kutoka Hz 20 hadi 20,000 hivi. Hiyo ni kHz 20, hata MHz moja hatujafika. CDI ya pikipiki ikipata pigo moja kwa kila mzunguko wa injini, basi injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hayo ni mapigo 100 kwa sekunde, yaani Hz 100. Taa ya omena haihitaji jenereta hata kidogo; betri nzuri, mita na macho yako yanatosha. Redio ndiyo hupanda juu: hatua ya kati ya AM iko kHz 455 na ile ya FM iko MHz 10.7. Lakini redio nyingi ndogo za siku hizi zina chipu moja inayofanya hesabu zote ndani, hazina tena zile koili za kuzungushwa kwa bisibisi. Ukitaka kuingia kwenye bendi yenyewe ya FM, MHz 88 hadi 108, basi hata hiyo ya 60 haikufikishi. Kwa hiyo MHz 60 kwa meza hii ni kama kununua trela ya kubebea kreti mbili za soda.

Sasa, kwa kazi ya sauti jenereta unayo tayari, iko mfukoni mwako. Kadi ya sauti ya kompyuta au simu inatoa sampuli 48,000 kwa sekunde. Wimbi la Hz 1,000 linapata sampuli 48 kwa kila mzunguko, na matokeo yake ni wimbi la sini (lile laini, kama ziwa asubuhi kabla ya upepo) safi kuliko vijenereta vingi vya bei nafuu. Programu ya Audacity, ya bure tangu mwaka 2000, hutengeneza toni kama hizo kwa kubofya mara mbili tatu. Mwenye kupenda kuandika programu, ni mistari isiyozidi ishirini. Nimemwandikia huyu fundi yake, ina vitufe vitatu tu: Hz 200, Hz 1,000, Hz 10,000.

Kwa nini 200? Kwa sababu ya mita. Mita nyingi za bei nafuu husoma AC vizuri hadi Hz 400 hivi, kisha huanza kudanganya. Ukitaka kujua amplifaya inatoa wati ngapi, ondoa spika, weka rezista kubwa ya ohmu 8 inayovumilia joto (majirani watakushukuru), piga toni ya Hz 200, soma volti. Volti 20 kwenye ohmu 8 ni 20 mara 20 gawanya kwa 8: wati 50. Halafu utashangaa ukilinganisha na zile "wati 3,000" zilizobandikwa mbele ya amplifaya.

Tahadhari mbili ukitumia simu. Pitisha wimbi kwenye kapasita, tuseme mikrofaradi 1, isije volti ya DC kutoka kwenye amplifaya mbovu ikarudi ikaua simu yako. Na weka simu isipokee mawasiliano. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia katikati ya kipimo, mlio wake utapita kwenye amplifaya kwa nguvu zote.

Wala si aibu kuanza na sauti. Bill Hewlett na David Packard walianza hivyo hivyo mwaka 1939, ndani ya gereji huko Palo Alto. Kifaa chao cha kwanza kuuza, 200A, kilikuwa jenereta ya mawimbi ya sauti, na ujanja wake ulikuwa balbu ndogo ya taa iliyowekwa ndani ya saketi ili nguvu ya wimbi isiyumbe: wimbi likizidi balbu inapata moto, ukinzani wake unapanda, wimbi linashuka. Kampuni ya Walt Disney ilinunua nane za aina ya 200B kwa kazi ya sauti ya filamu ya Fantasia, iliyotoka 1940. Megahezi haikuwamo.

Mipaka ya simu ipo, sitaificha. Inatoa kama volti moja tu, wakati mwingine pungufu. Haitoi DC, kwa hiyo huwezi kupandisha wimbi lote juu au kulishusha chini ya sifuri. Wimbi lake la mraba lina pembe za kuviringika. CDI ya boda boda itaitazama tu volti moja hiyo bila kufanya kitu. Hapo ndipo jenereta ya kweli inapohitajika, na hapo ndipo ninaposema: tazama tundu la kutolea, acha megahezi.

Jambo la kwanza kwenye tundu ni volti. Unataka kilele hadi kilele volti 20, na uwezo wa kuongeza DC. Soma maelezo mpaka chini, kwa sababu mashine nyingi za bei nafuu hutoa hizo volti 20 hadi MHz 10 hivi, kisha zinashuka hadi 10, na huko juu kabisa zinabaki 5. Wimbi la mraba nalo huishia mapema kuliko la sini. Ile namba kubwa iliyoandikwa pembeni ni ya wimbi la sini peke yake, likiwa dhaifu. Na hata hilo, chipu ikitoa sampuli milioni 250 kwa sekunde, kwenye MHz 60 inapata sampuli nne na kitu kwa kila mzunguko. Kinachobaki hulainishwa na kichujio, na ubora wa kichujio hauandikwi kwenye kisanduku.

La pili ni ohmu 50. Karibu jenereta zote zina ukinzani wa ohmu 50 ndani, mfuatano na tundu. Mashine nzuri hukuuliza: unaipeleka kwenye ohmu 50 au kwenye kitu chenye ukinzani mkubwa? Ukiwa umeiambia ohmu 50, ukaweka volti 5, halafu ukaiunganisha kwenye amplifaya yenye ukinzani wa ohmu 10,000 mlangoni, amplifaya itapata karibu volti 10. Mashine haijaharibika, imefanya hesabu kwa kitu ambacho hakipo. Nyingi za bei nafuu haziulizi kabisa, zinaonyesha volti za tundu likiwa wazi, na ukizipa mzigo wa ohmu 50 unapata nusu. Zote mbili zinatumika, ila lazima ujue yako ni ipi.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi, nalo ni athi. Zipo jenereta za bei nafuu zinazochomekwa moja kwa moja kwenye stima kwa plagi ya waya mbili. Ndani yake kuna pawa saplai yenye kapasita ndogo zinazounganisha upande wa stima na chasisi ili kupunguza kelele. Bila waya wa athi, kapasita hizo hugawanya volti za stima katikati, na ngozi ya lile tundu la mbele inaelea kwenye volti kama 120 dhidi ya ardhi. Mkondo wenyewe ni mdogo, utasikia kama siafu kidoleni. Lakini chipu au transista ya MOSFET haina ngozi kama yako, na kitu ulichokuja kukitengeneza kinaweza kufa pale unapokigusisha waya. Fundi atasema kilikuja kimekufa. Mteja atasema ulikiua wewe. Mteja ndiye atakayekuwa sahihi.

Nyumba ngapi hapa zina waya wa athi uliofika ardhini kweli? Nimeona soketi za matundu matatu ambapo la tatu halina waya nyuma yake. Kwa hiyo hata mashine yenye plagi ya pini tatu inaweza kuelea hivyo hivyo. Na mashine yenye athi nzuri nayo ina hatari yake: ngozi ya tundu imefungwa kwenye ardhi, ukiishikisha mahali pasipofaa ndani ya televisheni au chaja iliyofunguliwa, ambayo haijatenganishwa na stima kwa transfoma, utaona cheche.

Ndiyo maana kwa meza ya Sori mimi nachagua ile inayokula volti 5 za DC. JDS6600 ni mfano mmoja unaofahamika, zipo na nyingine. Hiyo unailisha kutoka betri ya sola kupitia kibadilishi kidogo cha volti 12 kwenda 5, bila inveta, bila stima, na hapo haina uhusiano wowote na nyaya za nyumba. Stima ikipotea saa nane mchana wewe unaendelea kupima. Usiilishe tu kwa adapta ya simu isiyo na jina, kwa sababu adapta hizo zina kapasita zile zile na utakuwa umerudi tulikotoka. Chukua ya MHz 15. Tofauti ya bei nunua rezista za ohmu 8 na probu nzuri.

Vile vijisanduku vya kuunganisha mwenyewe vyenye chipu ya XR2206? Ni vizuri kwa mwanafunzi ajifunze solda. Kazini sivipendi: unarekebisha kwa vifundo, hujui uko Hz ngapi mpaka upate cha kupimia, na kiwanda kilichotengeneza chipu hiyo kiliacha zamani, kwa hiyo unachopata sokoni hujui kimetoka wapi. Kwa mapigo ya CDI afadhali Raspberry Pi Pico, iliyotoka 2021 kwa dola 4, na transista moja ya kupandisha volti. Lakini weka optokapla katikati, maana ndani ya CDI kuna mamia ya volti na hazina adabu.

Kuhusu Rigol DG1022Z na Siglent SDG1032X, ambazo kwa kawaida huuzwa kati ya dola 300 na 400: ni mashine nzuri, na chuo kinachofundisha watu arobaini kinunue hizo. Mtu wa mkopo wa 28,000 asiziangalie. Ukiongeza usafiri na VAT ya asilimia 16, hutazirudisha kwa kutengeneza amplifaya za matanga.

Ukienda Luthuli Avenue kununua, beba mita yako. Mwambie muuzaji aichomeke. Weka Hz 200, wimbi la sini, volti 10 kilele hadi kilele, pima AC kwenye tundu: mita isome karibu 3.5. Ikisoma 7, umeshajua ni ile inayohesabu ohmu 50. Kisha weka mita kwenye AC ya juu, ncha moja kwenye ngozi ya tundu la mbele, nyingine kwenye chuma cha kitu chenye athi ya uhakika, na usiguse ncha kwa vidole. Ukiona namba za mamia, irudishe kwenye kisanduku chake. Muuzaji akikataa kuichomeka, maduka ni mengi mtaa huo, na basi la kurudi Migori haliondoki mpaka usiku.