Kiongozi wa Chuo Kikuu Apatikane Mbele ya Macho

Wako wanaodhani kuwa utamaduni wa taifa ni ngoma, vinyago na mavazi peke yake. Hilo ni kosa. Namna watu wanavyompata kiongozi wao ni sehemu ya utamaduni wao, tena kubwa kuliko ngoma. Kwani ngoma hukesha usiku mmoja, na kiongozi asiyefaa hukaa miaka.

Nayasema haya kwa sababu ya swali la mkulima mmoja wa Handeni, tulipokuwa tukingoja gari katika stendi ya Korogwe. Mwanawe alikuwa amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akaniuliza: "Ndugu yangu, mwenyekiti wa kijiji chetu tulimpigia kura. Huyo mkubwa wa chuo kachaguliwa na nani, na kwa kipimo gani?" La kwanza nililijibu. La pili lilinishinda, ingawa nimeshika kalamu ya serikali kwa miaka mingi.

Msomaji na atambue kwanza kuwa Mkuu wa Chuo ni mwenye cheo cha heshima. Mwenye kazi ni Makamu Mkuu wa Chuo. Chuo chetu kilipojitegemea tarehe 1 Julai 1970, Mkuu wake alikuwa Mwalimu Nyerere, na Makamu wa kwanza alikuwa Ndugu Pius Msekwa, aliyetoka katika utendaji wa TANU. Baada yake walikuja Ndugu Ibrahim Kaduma na Ndugu Nicholas Kuhanga, ambao wote wawili walikuwa wamekwisha kuwa mawaziri. Sababu ilikuwepo. Chuo kilianza mwaka 1961 chini ya kivuli cha Chuo Kikuu cha London, na taifa changa liliogopa kusomesha watu watakaolipa kisogo. Hofu hiyo siibezi. Lakini Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, kijana kutoka Kenya, aliandika barua ya wazi ya kumlaumu Makamu. Akakamatwa na kurudishwa kwao. Utii kwa aliye juu ulikuwepo. Masikio ya kuwasikiliza walio chini yalipungua.

Wapo watakaosema kuwa uteuzi wa juu ndio desturi yetu Waafrika. Nawauliza: desturi ya nani? Turudi katika milima inayoitazama Korogwe. Masimulizi ya Usambara, ambayo Abdallah bin Hemedi aliyaandika katika Habari za Wakilindi, yanasema kuwa Mbegha alikuwa mwindaji mgeni aliyetoka Ngulu, akiwa amekataliwa na jamaa zake. Watu walimwona akiua nguruwe walioharibu mashamba, akigawa nyama bila choyo, akiamua mashauri kwa haki. Ndipo wakampa nchi. Hakuletwa na barua. Kazi yake ilitangulia, cheo kikafuata. Na uzao wake ulipofanya cheo kuwa urithi wa nyumba, matokeo yake twayajua: baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai, katika miaka ya 1860, ndugu walipigana, na Semboja wa Mazinde akawa mmoja wa wakubwa wa vita hivyo.

Wengine husema kuwa alipaye mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo. Chuo ni cha serikali, basi serikali na iteue. Lakini serikali hailipi kwa fedha iliyookota. Hulipa kwa jasho la mkata mkonge wa Korogwe na mlima mahindi wa Handeni, ambaye mvua ikikosa hulala na njaa. Hao ndio walipaji, nao wana haki ya kujua.

Wala sidai kampeni na sanduku la kura baina ya maprofesa. Hilo lingezaa makundi, ahadi na ukabila. Mwamba ngoma huvutia kwake. Awe waziri au awe profesa. Dawa yake ni kuiwamba ngoma uwanjani. Nafasi itangazwe kwa wote. Wanazuoni na Baraza la Chuo wapime kazi za waombaji: walichofundisha, walichoandika, walivyotunza fedha na watu. Majina machache yaliyochujwa ndiyo yapelekwe kwa mwenye mamlaka ya kuteua, na sababu za uteuzi zielezwe hadharani. Hata palipo na kamati ya kutafuta majina, kumtangazia mwananchi jina bila sababu ni kumpa ganda bila kokwa.

Majirani wamekwisha jaribu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2001 iliitaka Seneti ya Makerere ipendekeze majina matatu. Nchini Kenya, Rais Moi alikuwa Mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma. Mwaka 2003 Rais Kibaki aliiacha desturi hiyo. Mambo hayakunyooka yote, lakini swali la mkulima lilianza kupata jibu.

Walimu na wanafunzi, jambo hili laanzia kwenu. Shule inayompata kiranja wake kwa minong'ono ya ofisini humfunza mtoto kuwa cheo ni zawadi ya mkubwa. Shule inayompima mbele ya wenzake humfunza kuwa cheo ni dhamana. Mtoto wa yule mkulima atarudi Handeni siku moja akiwa amejifunza moja kati ya mawili hayo. Tusipomchagulia sisi, atachaguliwa na mazoea.