Kabla ya kulipia vinywaji vya safari, hesabu glasi

Oktoba ikiingia, vyama vingi vya akina mama huku Githurai 45 huanza kuhesabu pesa za safari ya Desemba. Mwaka mzima mama wa nyanya, mama wa mitumba na mwalimu wa chekechea wametoa mchango wao kila wiki, na sasa wanataka kwenda Diani kuiona bahari pamoja na waume zao. Nauli haileti ubishi. Tangu Januari 2024 treni ya Madaraka Express hutoza shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa, na kila mtu anaijua bei hiyo.

Ubishi huanza hoteli inapoleta bei mbili. Ya kwanza ni ya kulala na kula milo mitatu, na mwenye kiu ajilipie kinywaji chake. Ya pili ni ya kila kitu ndani: soda, sharubati, bia na vileo vingine, unywe kiasi utakacho bila kutoa senti pale kaunta.

Mmoja atasema, "Tulipe yote mara moja, tukifika kule tusisumbuane na bili." Wengine watapiga makofi. Na kuna yule ambaye hajaonja pombe tangu aokoke, au hajaionja maisha yake yote. Huyo atanyamaza ili asionekane mchoyo. Leo ninamwandikia yeye, pamoja na mweka hazina wa chama chake.

Shanga za Club Med

Likizo ya kulipia mara moja si jambo geni. Kampuni ya Club Med, iliyosaidia sana kuieneza, ilianzishwa mwaka 1950 na Mbelgiji Gérard Blitz, aliyefungua kambi ya mahema katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Mgeni alilipa bei moja akapata malazi, chakula na michezo. Lakini vinywaji vya baa havikuwamo. Kwa miaka mingi wageni wa Club Med walinunua shanga, wakazivaa, na aliyetaka kinywaji baa alichomoa shanga kadhaa akalipa.

Ebu fikiria faida ya shanga hizo kwa mwenye baa. Mtu akitoa noti ya shilingi elfu moja huiangalia inavyoondoka. Akitoa shanga, haoni kitu kikiondoka. Siku hizi hoteli za kila kitu ndani humfunga mgeni bangili ya plastiki mkononi, na hiyo hata kuchomolewa haichomolewi. Pesa zilikwisha kutoka zamani, kwa hivyo kila glasi huonekana ya bure.

Meli za watalii nazo zina mtindo huo huo. Wakazi wa Mombasa wanazijua meli hizi. Januari 2023 ile inayoitwa Norwegian Dawn ilitia nanga pale bandarini ikiwa na abiria zaidi ya 2,000. Katika meli nyingi za aina hiyo abiria huuziwa vinywaji vya safari nzima, kwa bei ya kila siku. Kampuni kadhaa huweka sharti kwamba mtu mzima mmoja akinunua, mwenzake wa chumba kimoja naye lazima anunue, hata kama yeye hunywa chai tu. Kampuni ya Carnival imeweka pia kikomo cha vileo 15 kwa saa 24.

Masharti hayo yanatufundisha jambo moja. Biashara hii husimama kwa sababu wanaokunywa kidogo huchangia gharama ya wanaokunywa sana. Ndiyo maana mwenye meli hataki mtu wa chai abaki nje.

Tufanye hesabu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, kwa hivyo piga simu hoteli yako uweke zake mahali pa hizi.

Tuseme bei ya kila kitu ndani inazidi ile ya milo mitatu kwa shilingi 3,500 kwa mtu mzima kwa usiku mmoja. Tuseme pia kwamba pale baa soda ni shilingi 200, maji ya chupa 150, sharubati 400 na bia 450.

Gawanya 3,500 kwa 450. Utapata saba na ushee, yaani mnywaji wa bia anahitaji chupa nane kila siku ndipo aanze kufaidika. Gawanya 3,500 kwa 200. Utapata kumi na saba na nusu, yaani mnywaji wa soda anahitaji soda 18. Sijui ni mama gani wa Githurai atakunywa soda 18 kwa siku akabaki mzima.

Sasa tuwaangalie watu kama walivyo. Mama asiyekunywa pombe atachukua labda soda mbili, sharubati moja na chupa moja ya maji. Jumla ni shilingi 950. Baba anayekunywa bia nne, soda moja na maji atatumia shilingi 2,150. Wote wawili ni shilingi 3,100 kwa siku, ilhali malipo ya vinywaji vyao kwa bei ya jumla ni shilingi 7,000.

Tukienda kwenye chama chenyewe, tuseme wanachama ni 12 na waume 12, watu 24 kwa jumla, na watalala siku tatu. Nyongeza ya vinywaji ni 3,500 mara 24 mara tatu, nayo ni shilingi 252,000. Katika watu hao, tuseme wanane hunywa bia na 16 hawanywi. Wale 16 watatumia shilingi 45,600 kwa siku tatu. Wale wanane watatumia 51,600. Jumla ni shilingi 97,200. Chama kingekuwa kimelipa shilingi 154,800 zaidi kwa vinywaji ambavyo havikunywewa.

Labda utaniambia kwamba watu wakifika pwani hunywa kuliko kawaida yao. Haya, waongezee bia mara mbili wale wanane, wafike nane kila mmoja kwa siku. Jumla ya chama itapanda hadi shilingi 140,400. Bado kuna shilingi 111,600 zilizokwenda na maji, na Januari na karo yake inangoja mlangoni.

Usiku tatu si siku tatu

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii. Hoteli huhesabu usiku, lakini wewe hunywa mchana. Ukipanda treni ya saa mbili asubuhi utafika Miritini adhuhuri imepita. Kabla hujafika Diani, ukajaza fomu na kupewa chumba, ni jioni. Siku ya kurudi utatakiwa kutoka chumbani asubuhi, kwa kawaida kati ya saa nne na saa tano, na hoteli nyingi hukata bangili wakati huo huo. Kwa hivyo umelipia siku tatu lakini umepata siku mbili kamili na jioni moja.

Uliza pia kilichomo na kisichomo. Mara nyingi bei ya kila kitu ndani huwa ni ya vinywaji vinavyotengenezwa humu nchini. Mvinyo wa chupa, vileo kutoka ng'ambo, sharubati iliyokamuliwa papo hapo na vile vilivyowekwa katika friji ya chumbani huweza kutozwa kando. Baa huwa na saa ya kufunga. Maji ya kunywa nayo mara nyingi hutolewa bure kwa kila mgeni, hata asiyenunua vinywaji, kwa hivyo usiyahesabu mara mbili. Hakikisha kama bei uliyopewa tayari ina VAT ya asilimia 16 na ada ya utalii ya asilimia 2, na kama ni bei ya wakazi wa Kenya. Ile ya wageni kutoka nje mara nyingi huwa juu.

Kunywa ili kurudisha pesa

Hasara ya pesa ni rahisi kuipima. Iliyo ngumu ni hii nyingine: mtu aliyekwisha kulipa huona ni lazima anywe.

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu waliokuwa wakinunua tikiti za msimu mzima wa maigizo. Baadhi waliuziwa kwa bei kamili na wengine wakapunguziwa, bila wao kuchagua. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi. Maigizo yalikuwa yale yale. Kilichowasukuma ni pesa walizokwisha kutoa.

Kwenda kwenye maigizo hakumdhuru mtu. Bia ya nane ni hadithi nyingine. Baba ambaye nyumbani hunywa mbili akalala anaweza kujikuta ameketi kaunta tangu asubuhi, si kwa kiu, bali kwa kuwa bangili iko mkononi. Mkewe alikuja kutembea naye ufukweni. Badala yake atamsubiri chumbani, na kesho yake atauguza maumivu ya kichwa ambayo ameyalipia yeye mwenyewe kwa mchango wa kila wiki. Na mkienda na watoto wa shule za upili, kumbukeni kwamba sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na kwamba macho ya watoto hayana umri.

Wakati ambapo inafaa

Sisemi kwamba malipo ya jumla ni mabaya siku zote. Nyongeza ikiwa ndogo, tuseme shilingi 800 kwa usiku, hesabu hubadilika, na mama wa soda mbili na sharubati anafaidika kidogo. Kama hoteli iko mbali na maduka na inakataza vinywaji kutoka nje, bei za baa huwa hazina mpinzani, na hapo malipo ya jumla huweza kukuokoa. Familia yenye watoto wengi wanaolipiwa nusu bei, na ambao hutaka soda kila wakitoka majini, nayo ifanye hesabu yake kwa makini.

Tena kuna utulivu wa moyo. Kuna watu ambao kila wakiagiza soda huiona bili ikipanda kama mita ya teksi, na likizo yao huisha kwa wasiwasi. Mtu wa namna hiyo akiona kwamba amani yake inastahili shilingi mia kadhaa kwa siku, hakuna wa kumlaumu. Lakini ajue kwamba ananunua amani, na aulize kama hawezi kuipata kwa bei nafuu. Bahasha yenye shilingi 1,000 kwa kila siku, isiyovukwa, humpa amani hiyo hiyo, na kinachosalia hurudi naye nyumbani.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, majirani zetu, wanaweza kuitumia hesabu hii kwa bando ya mwezi au ukumbi wa mazoezi. Mwaka 2006 wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha uchunguzi wa kumbi za mazoezi huko Marekani. Waliolipa ada ya zaidi ya dola 70 kwa mwezi walikwenda wastani wa mara 4.3 tu. Kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17, na ilhali kulikuwa na tikiti ya ziara kumi ambayo ingewatoza dola 10 kwa ziara. Walilipia mtu waliyetamani kuwa.

Ushauri kwa chama

Kwanza, tenganisheni mfuko. Nauli, malazi na milo mitatu vilipwe na chama, kwa sababu kila mtu atasafiri, atalala na atakula. Vinywaji vilipwe na kila nyumba. Mchango wa wote ukinunua bia ya wachache, huo si umoja tena, na maneno yatakayozuka Februari yanaweza kukivunja chama kilichojengwa kwa miaka.

Pili, kabla ya kikao kijacho, kila nyumba iandike kwenye karatasi inachokunywa kwa siku ya kawaida. Andikeni mlichokunywa Jumapili iliyopita, si mnachodhani mtakunywa mkiona mawimbi. Mweka hazina azidishe kwa bei za hoteli, kisha alinganishe. Anayeona malipo ya jumla yanamfaa aongeze pesa zake mwenyewe, mradi hoteli isiwalazimishe wote wa chumba kimoja. Hilo liulizwe mapema na lijibiwe kwa maandishi.

Tatu, tengeni kiasi kidogo cha kufurahi pamoja nje ya hoteli. Dafu la ufukweni, maji ya matunda pale Ukunda, au kahawa tungu na kashata mkipita Mombasa mjini, vyote hugharimu kidogo, na pesa humfikia mchuuzi mkononi, kama vile sisi tunavyopenda wateja watufikie hapa sokoni Githurai.

Na wewe mama uliyenyamaza kikaoni, peleka karatasi yako. Tarakimu zikisomwa mbele ya wote, hakuna atakayesema umefanya uchoyo.