Breki, Gia na Maneno ya Chini ya Mwembe

Kila wikendi jijini Dar es Salaam utawakuta watu wasio mafundi wamelala chini ya magari yao wenyewe. Wananunua vipuri Gerezani, wanaazima jeki kwa jirani, wanafunga pedi na kumwaga mafuta ya difu kwa mikono yao. Niko upande wao. Ninachobishana nacho ni maneno yanayopokezwa pale chini ya mwembe kana kwamba yametoka kwenye kitabu cha gari, ilhali kitabu chenyewe hakuna aliyekifungua.

Nianze na dai la wasiotupenda: breki aachiwe fundi. Kubadilisha pedi za mbele kwenye gari dogo la kawaida ni kazi ya boliti mbili, kurudisha pistoni ndani na kupaka grisi ya silikoni kwenye pini za kalipa. Kazi nzuri hutofautishwa na kipimo. Unene wa chini kabisa wa diski umechapwa kwenye diski yenyewe, na nati za tairi za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutonimita 103. Gereji nyingi za mtaani hazina maikromita wala spana ya kupimia ukazo. Zina bomba refu na fundi mwenye nguvu. Ila hapa nakubali jambo moja: Prius, na magari yenye breki ya mkono ya umeme, mara nyingi yanahitaji kuunganishwa na kompyuta ya uchunguzi kabla hujagusa kalipa. Hayo usiyaingilie kwa ujasiri mtupu.

Dai la pili ndilo linalonikera zaidi: mafuta ya breki ni yaleyale, ongeza yoyote uliyo nayo. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za jamii ya glikoli na zinaweza kuchanganyika. DOT 5 ni silikoni, haipatani nazo kabisa, na anayesoma lebo haraka huona 5 na 5.1 ni kitu kimoja. Mbaya kuliko yote ni haidroliki nyekundu ya usukani. Ikiingia kwenye breki, raba za masta silinda na kalipa huvimba, magurudumu hushikwa, na hapo huna dawa ila kubadilisha raba zote.

Wanaotumia aina sahihi nao wana neno lao: kama hayajapungua, yako salama. Glikoli hunyonya unyevu wa hewani taratibu, hata mfumo ukiwa umefungwa vizuri, na pwani unyevu ni mwingi. Kwa kiwango cha Marekani, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mjini hutaona tofauti. Teremka mlima wa Kitonga na abiria watano huku umekanyaga breki mfululizo badala ya kushusha gia: mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na kanyagio huzama hadi sakafuni huku chombo cha mafuta kikiwa kimejaa vilevile. Kila miaka miwili badilisha, hata yakiwa meupe.

Wakati wa kutoa upepo kwenye breki, mwenzako huambiwa akanyage mpaka chini. Kwenye gari la zamani, sehemu ya ndani ya masta silinda ambayo raba haifiki kila siku huwa na kutu na uchafu. Ukiisukuma huko, inachanika. Weka kipande cha mbao chini ya kanyagio.

Diski zenye matundu husimamisha gari mapema? Kama breki zako za kawaida tayari zinaweza kufunga magurudumu au kuamsha ABS, kinachoamua umbali wa kusimama ni tairi na lami. Matundu yana kazi yake kwenye joto la mashindano. Kwenye foleni ya Ubungo ni pambo, tena nyufa hupenda kuanzia hapo.

Sasa gia oto: "mafuta yake ni ya maisha, ukiyabadilisha unaiua." Sehemu ya kwanza ilitoka kwa baadhi ya kampuni za magari. Lakini ZF, wanaozitengenezea BMW gia boksi, wanashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sehemu ya pili ina chanzo kinachoeleweka: mtu husubiri gia ianze kuteleza ndipo amwage. Sahani za klachi zilishakwisha zamani, lawama zinaangukia mafuta mapya. Mwaga na ujaze mapema, ukijua kwamba sehemu kubwa hubaki kwenye toki konvata. Kusafisha kwa mashine gia boksi iliyotelekezwa miaka mingi, hilo hata mimi silifanyi.

Na usije ukaambiwa CVT ya Fielder inywe mafuta yoyote mekundu. Mkanda wake wa chuma unategemea kubanwa na puli bila kuteleza, na mafuta yake yameundwa kwa msuguano huo. Kwa gia boksi za Toyota zinazotumia mafuta ya WS bila kijiti cha kupimia, usawa hupimwa injini ikiwaka na mafuta yakiwa karibu nyuzi 40. Ukijaza yakiwa baridi hadi yafurike, umezidisha.

Limebaki la wenye Subaru: nunua tairi mbili tu, zingine bado nzima. Tairi mpya ni kubwa kuliko iliyolika, hivyo ekseli ya mbele na ya nyuma huzunguka kwa kasi tofauti hata barabara ikiwa imenyooka. Difu ya kati au klachi ya kugawa nguvu inafanya kazi bila kupumzika, inachemka, kisha gari linaanza kujivuta kila unapokata kona ya maegesho. Kabla ya kununua difu nyingine ya mtumba, zungushia futi ya fundi cherehani kwenye tairi zote nne.