Shahidi Asiyefika Mahakamani

Yako makosa ambayo ushahidi wake mkubwa hukaa kifuani mwa mtu mmoja tu, naye ni yule aliyetendewa. Akinyamaza, polisi hubaki na jalada tupu, hakimu hukosa la kupima, na mkosaji hurudi mtaani akijua kwamba kimya cha mwenzake ndiyo ngao yake.

Kesi ya hoteli ya Terrain, mjini Juba, nusura iangukie hapo. Tarehe 11 Julai 1916 imepita karne. Hii ilikuwa 11 Julai 2016, mapigano baina ya majeshi ya Rais Salva Kiir na ya Riek Machar yakielekea ukingoni. Askari wa serikali waliivamia hoteli hiyo, wakamwua mwandishi wa habari John Gatluak, wakawanajisi wafanyakazi wa misaada na kupora mali. Mahakama ya kijeshi ilipofunguliwa Mei 2017, wageni walionajisiwa walikwisha kuondoka nchini. Nani angerudi kwa wepesi katika mji alikoumizwa, akasimame mbele ya majaji waliovaa sare ya jeshi lile lile?

Hata hivyo njia ilipatikana. Mmoja wao alijikaza akarudi Juba kutoa ushahidi, na wengine wakasikilizwa kwa video wakiwa ng'ambo. Tarehe 6 Septemba 2018 askari 10 walitiwa hatiani, wawili wao wakifungwa maisha kwa mauaji. Fidia ya dola 4,000 kwa kila aliyenajisiwa, na ng'ombe 51 kwa jamaa wa marehemu, ililalamikiwa kuwa ndogo. Lakini haki ilipata mdomo wa kusemea.

Mama wa mtaani hana video wala ubalozi. Aliyemdhulumu huenda ni jirani, au mwenye bunduki anayepita mlangoni kila siku, na wazee hutaka shauri limalizwe nyumbani. Mahakama maalumu ya makosa ya kijinsia ilifunguliwa Juba Desemba 2020, lakini mahakama haimfuati mtu aliyejificha.

Kwa hiyo kazi huanza siku ya kwanza. Polisi na amsikilize mlalamikaji faraghani, aandike maneno yake mara moja, ahifadhi nguo, awatafute majirani waliosikia ukelele. Afikishwe kwa daktari kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia Ukimwi haingoji. Jeshini, orodha ya zamu na daftari la silaha husema nani alikuwa wapi. Na askari aliyeona asimfiche mwenziwe kwa jina la undugu. Ushahidi wa namna hii humpunguzia mlalamikaji mzigo wa kuibeba kesi peke yake.

Nyumbani nako, mume na wazazi wasimwulize alifuata nini huko. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Basi polisi, muuguzi na jamaa ndio waosha wa aibu hii: wakiisitiri, aliyeumizwa atasema, wakiitangaza, atanyamaza, na mkosaji atashinda.