Mikono Juu? Dada wa Watu Ana Betri ya Moyo, Jamani

Wadau, klipu mmeiona. Dada mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kapanda jukwaani kwenye sherehe ya watu hapa Dar, kakaa kwenye stuli, mkono wa kushoto kaulaza pajani, kaimba nyimbo zake nne. MC anapiga kelele "mikono juuu!", ukumbi mzima unaitikia, yeye anatabasamu tu. Kufika asubuhi komenti zimejaa: anaringa, kalewa, ana mimba, kafulia. Mwingine anataka arudishe hela.

Baadaye mtu wake wa karibu akavujisha (na hili nalo si zuri, habari ya ugonjwa ni ya mgonjwa mwenyewe) kwamba ana wiki tatu tu tangu awekewe pesimeka, ile mtaani tunaiita betri ya moyo. Upepo ukageuka. Walewale waliomtukana wakaja na "pole mamii", halafu wakaanza kumpangia: akae ndani, mkono aufunge kitambaa, asiutikise kabisa mpaka mwakani.

Mimi naona makundi yote mawili yamechemka, ila hili la pili linatisha zaidi kwa sababu linakuja na sura ya upendo.

Iko hivi. Kifaa chenyewe kinakaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto. Kutoka hapo waya mwembamba unapita ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo. Ncha ya waya inashikilia kwa skrubu ndogo au vijino, na mwili unahitaji wiki kadhaa kuuzungushia nyama ili utulie. Kabla haujatulia, ukinyanyua mkono juu ghafla au kuuvuta nyuma kwa nguvu, waya unaweza kuchomoka ulipokaa. Hapo ni kurudi chumba cha upasuaji, na gharama juu.

Ndiyo maana madaktari wengi wanasema wiki 4 hadi 6 kiwiko kisipande juu ya bega. Usinyanyue kitu kizito, wengi wanaweka mpaka kwenye kilo 4 au 5 hivi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, hiyo sahau. Bomba la juu kwenye daladala, shika kwa mkono mwingine au omba siti bila aibu. Hata selfi ya kunyoosha mkono juu ili sura ionekane nyembamba, tumia ule mzima. Simu yenyewe usiiweke mfuko wa shati juu ya kifaa, iwe mbali kama sentimita 15. Shati la vifungo ndiyo rafiki yako: mkono wenye kidonda uanze kuingia, na uwe wa mwisho kutoka. Akina dada, mkanda wa sidiria na wa mkoba usikae juu ya kidonda.

Sasa wale wa "funga mkono". Kuna mchekeshaji mmoja, naye jina kapuni, mama zake wadogo walimlinda hivyo miezi miwili. Kila akijaribu kusogeza mkono anafokewa. Betri ikakaa vizuri kabisa, bega likaganda. Kuchana nywele hawezi, kuvaa fulana mpaka asaidiwe, usiku halali kwa maumivu, na mazoezi ya kulilegeza yamekula muda kuliko hata kidonda kilivyokula. Mkono ulitakiwa kufanya kazi ndogondogo tangu mapema: kukunja na kunyoosha kiwiko, kuzungusha kiganja, kufumbata vidole, kula, kunawa, kuchati, kuutembeza taratibu chini ya usawa wa bega. Daktari wako ndiye anakupa kipimo chako, siyo shangazi wala Insta.

Kwa hiyo dada kukaa kwenye stuli na kuimba kwa sauti yake, kama daktari kamruhusu, mimi sioni kosa. Kosa ni kumlazimisha kucheza.

Halafu kuna hii ya "binti mdogo vile betri ya nini, si ugonjwa wa wazee?" Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hiki ndani ya mwili, aliwekewa 1958 akiwa na miaka 43, akaishi mpaka 2001. Kuna watoto wanazaliwa na moyo unaopiga polepole wakahitaji. Na si lazima upande ndege kwenda India, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanaweka.

Kwa aliye nayo nyumbani sasa hivi: kidonda kikivimba, kikiwa chekundu au kutoa usaha, ukipata homa, kizunguzungu, kuzimia, au kwikwi isiyokatika, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda leo.

Kinachonikera bado ni promota. Inasemekana kamkata nusu ya malipo kwa kuwa "hakuchangamsha ukumbi". Nyimbo nne kaimba, mwanzo mwisho, laivu. Wewe ungekuwepo ukumbini ungedai hela yako, au promota ndiye wa kudaiwa? Shusha komenti.