Nunua bega, namba mwachie muuzaji

KUTOKA NKENDE
Na Mwita wa Nkende

Mwanaume wa Tarime akitafuta koti la suti, swali lake la kwanza ni namba. "Una 40?" Likimbana kifuani anaomba 42. Likipwaya begani anaondoka nalo hivyo hivyo, maana muuzaji keshamwambia, "Mura, umependeza." Jumapili tunamwona kanisani, bega la koti limepita bega lake kwa inchi nzima kila upande.

Namba haidanganyi, ila husema jambo moja tu. Kwenye makoti ya Uingereza na Marekani, 40 ni mzunguko wa kifua kwa inchi. Mwenye kifua hicho hicho akishika koti la Italia au Ujerumani atasoma 50, kwa sababu wenzetu hao huandika nusu ya mzunguko kwa sentimita. La Korea litamwandikia 100, sentimita zote bila kugawanya. Kwenye turubai la mtumba yote hayo yamelala pamoja, na asiyejua atalikimbia koti la 50 akidhani ni la jitu, kumbe ndilo lake. Nayo herufi L ikifuata namba, kama 40L, inamhusu mtu mrefu. Unene haumo humo.

Hata ukizisoma vizuri, bado namba haikujui. Mtindo huu wa kushona kwa namba, yaani kwa makadirio, ulipata nguvu kwenye sare za jeshi, hasa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, askari walipokuwa wengi mno kupimwa mmoja mmoja na kushonewa. Hadi leo suti nyingi za dukani hukadiria kuwa kiuno cha mvaaji ni pungufu ya kifua chake kwa inchi 6. Sasa chukua kijana anayeshinda na jembe shambani, kifua kipana na tumbo halipo. Kisha chukua mzee wa boma aliyekwisha kuachia wanawe ng'ombe na kubaki na kitambi. Wote wawili wanaweza kuwa 42, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akilini mwa aliyelikata koti lile.

Ndiyo maana nasema: nunua bega. Mshono unaounganisha mkono na bega uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia. Ukiwa na shaka, simama ubavu kwa ukuta usogee taratibu. Pedi ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, rudisha koti. Kisha tazama nyuma ya shingo: kola ilale juu ya kola ya shati bila kuacha mwanya. Funga kifungo, kitambaa kikivutika na kuchora mikunjo ya msalaba tumboni, limekubana.

Mwisho inua mikono kana kwamba unampungia mtu. Wengi hupenda kwapa pana wakidhani ndilo lenye uhuru, kumbe kwapa lililoshuka hunyanyua koti zima kila mkono unapopanda. Linalokaa juu, karibu na kwapa lako, ndilo linalokuachia mkono uende peke yake. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, anayevaa sweta ndani ajaribu koti akiwa na sweta hilo.

Kwa nini bega lipewe heshima yote hiyo? Kwa sababu fundi hana namna rahisi ya kulirekebisha. Kulipunguza ni kung'oa mikono, pedi na bitana, na kazi hiyo hula fedha kuliko thamani ya koti la mtumba. Urefu nao ni shida: akikata zaidi ya sentimita mbili tatu, mifuko hubaki imening'inia ukingoni. Lakini kiuno hubanwa kwa mishono ya ubavuni na mgongoni, na mikono hufupishwa hadi shati lichungulie kidogo. Kuongeza pia kunawezekana, kama ndani ya mshono kuna akiba ya kitambaa. Ipapase kwanza kabla hujalipa.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Mtu hutoa fedha kwa muuzaji bila kunung'unika, kisha hubishana na fundi cherehani nusu saa kwa kazi itakayolifanya koti liwe lake. Fedha ya koti ipangwe tangu nyumbani mafungu mawili, la muuzaji na la fundi. Na kamati za harusi ziache kukusanya namba za wasindikizaji kwa simu. Wapelekeni vijana kwa fundi mmoja mwenye futi kamba, awapime mabega, vifua na mikono, ndipo mwende sokoni. Fundi huyo huyo alipwe pia kwa kuyarekebisha makoti.